Vishikwambi Birikani

Kila Jumanne, kengele ya mapumziko ikilia, Lubna hakukimbilia uwanjani kama wenzake. Alikwenda kwenye maktaba ya shule yao pale Faza, akavua viatu mlangoni, akaanza kuwatandikia mikeka watoto wa gredi ya kwanza. Upande mmoja wa chumba ulikuwa na rafu za vitabu, upande wa pili kompyuta na kabati la vishikwambi. Mwenye chumba alikuwa Bi Zakiya, mwalimu mpole asiye na sheria nyingi. Alikuwa nayo moja tu: anayeachiwa watoto haondoki mpaka mwalimu arudi.

Lubna alikuwa gredi ya sita, na kazi ile aliionea fahari. Watoto walimwita Dada Lubna, naye alipenda kuitwa hivyo, pengine kupita kiasi. Akisema kaeni, walikaa. Kipenzi chake alikuwa Swafwan, kitoto chenye pengo mbele ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kimeanza kuunganisha silabi, kikawa kinasoma kila kitu, hata gunia la mchele.

Siku hiyo Bi Zakiya aliitwa ofisini. Alimwachia Lubna watoto na kumkumbusha ile sheria yake, Lubna akaitikia. Watoto wakaandika herufi zao kwenye vishikwambi, kisha Swafwan akauliza kitu hiki hasa ni nini. Lubna akatafuta mfano, akaupata. Wengi wao walisoma chuo cha Kurani cha Maalim Hamdun, ambako watoto bado huandika aya kwa wino kwenye mbao, na wakishahifadhi huziosha kwa maji ili waandike somo jipya.

"Hiki ni kama ubao wenu wa chuoni," akawaambia. "Ukimaliza somo lako, unamwachia mwenzako kikiwa safi."

Alikuwa karibu kuwaonyesha pa kubonyeza ili maandishi yaondoke, mara Hadil, rafiki yake, akachungulia dirishani. Timu ya netiboli ilikuwa inachaguliwa, na asiyefika uwanjani ndiyo basi tena. Lubna akawatazama watoto, akaona wametulia. Akajiambia anakwenda mara moja tu.

Hiyo mara moja ilirefuka. Aliporudi mbio, amekwisha kuchaguliwa na furaha imemjaa, alikuta mikeka mitupu. Akasikia vicheko nyuma ya jengo, akazunguka.

Watoto walikuwa wamelizunguka birika la saruji la kutawadhia, wanaosha vishikwambi. Waliviosha kwa adabu zote, mmoja akimimina maji kwa kata na mwenzake akisugua kwa kiganja, kama walivyofundishwa chuoni. Vilivyokwisha kuoshwa viliegemezwa ukutani vikauke juani, maji yakivuja pembeni.

"Dada Lubna, tazama," Swafwan alisema, akimwinulia kioo kilichokuwa cheusi tii. "Yametoka yote kwa mai kidogo tu."

Nyuma ya Lubna Bi Zakiya naye alikuwa amefika, amesimama na mkono mdomoni. Akauliza nani alikuwapo watoto hawa walipovitoa vyombo nje.

"Nilikuwapo mimi," Lubna akajibu. "Niliwakataza. Swafwan akakataa kusikia, wenzake wakamfuata."

Uongo ulimtoka kirahisi mpaka mwenyewe akashtuka. Swafwan alimkodolea macho, asikane. Labda aliona kwamba, maadamu Dada Lubna amesema, basi ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu mkuu, Bwana Mukhtar, aliamua mtoto huyo asiingie maktaba mpaka muhula uishe, na mama yake akaitwa. Fundi Faiz alikuja kutoka Lamu, akavifungua vishikwambi na kuvikausha. Baadhi vilifufuka, vingine vikafa kabisa. Lubna aliona aibu, lakini akajifariji kwamba Swafwan ni mdogo na atasahau.

Jumanne iliyofuata nusura amkanyage. Swafwan alikuwa ameketi nje ya mlango wa maktaba, katikati ya viatu vya wenzake, anasoma maandishi yaliyopigwa kwenye nyayo za ndara. Lubna alimuuliza anafanya nini pale, naye akajibu kwamba kusoma hakukatazwa, kumekatazwa kuingia. Kisha akamtazama.

"Dada Lubna, siku ile ulinikataza saa ngapi? Mimi sikusikia. Mama asema kesho anipeleka hospitali nikaangaliwe mashikio."

Lubna alihisi kama amepigwa kofi. Mtoto huyu hakumshuku hata kidogo. Kati ya masikio yake na maneno ya Dada Lubna, alikuwa ameona kibovu ni masikio.

Hakungoja mtu amuulize. Alimshika Swafwan mkono, akaingia naye ndani, na mbele ya Bi Zakiya na watoto wote akasema alivyotoka, alivyowapa mfano wa ubao akauacha nusu, na alivyomsingizia mtoto ambaye hakukatazwa na mtu. Alilia akisema, lakini alisema yote. Bi Zakiya alikaa chini taratibu, ameduwaa kuliko siku ya birika. Kisha akamtuma mtu kwa Bwana Mukhtar, na mwingine kwa mama yake Swafwan, kumwambia mwanawe hana ugonjwa wowote.

"Kuondoka ungeliniambia siku ile, ningelikusamehe siku ile," alisema hatimaye. "Hawa walifanya ulivyowaambia, maana ulipowaacha walibaki na neno lako peke yake. Sasa utakaa kando ya kazi hii mpaka muhula uishe."

Lubna alitikisa kichwa kukubali. Swafwan alikuwa tayari yuko kwenye rafu, anachagua kitabu.

"Wazee husema ndia ya mwongo ni fupi," Bi Zakiya akaendelea. "Yako ilikomea kwenye masikio mazima ya mtoto. Vyombo hutengenezwa, mwanangu. Lakini mdogo akikuamini kuliko anavyojiamini mwenyewe, hiyo ni amana, na amana hailiwi."