Seli Zisizosikia Dawa

Mtafiti alikuwa chali kwenye chumba cha baridi cha maabara, kisogo kimepasuka, glavu bado mikononi.

"Amekufa tangu juzi jioni," alisema daktari wa polisi.

Inspekta alimfunika marehemu uso, akamgeukia Profesa, mkuu wa maabara. Koti jeupe pepepe, halina hata doa. Mtu wa kazi gani huyu?

"Msiba mkubwa, Inspekta. Ila dunia inaisubiri dawa yangu."

"Inafanya nini?"

Profesa alivimba kichwa. Alifungua kabati la joto lenye visahani vya seli za saratani.

"Kuna kimeng'enya kinachoiamuru seli ijigawe. Dawa yangu inakifunga mikono. Ona, visahani visivyo na dawa majimaji yamekuwa manjano. Seli zikizaana zinayachafua, siku moja tu rangi inageuka. Vyenye dawa bado waridi. Seli zimelala!"

"Tangu juzi nani amegusa humu?"

"Hakuna. Ufunguo ninao mimi peke yangu."

Inspekta hakuwahi kumpenda mtu anayejisifu mbele ya maiti. Alikiweka kisahani cha waridi chini ya hadubini, akachungulia. Seli zilijaa tele, zinasukumana.

"Njoo uzione zilivyolala."

"Sina haja."

"Chungulia, Profesa!"

Hakusogea.

"Kwa maneno yako, majimaji haya yangekuwa manjano tangu jana. Marehemu hakufufuka kuyabadilisha. Ni mwenye ufunguo."

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa. Msomi mzima, anadhani akibadilisha maji amebadilisha ukweli!

"Alitaka kutangaza kwamba dawa haifanyi kazi," Profesa alinong'ona. "Nilimsihi asubiri nipokee tuzo yangu kwanza. Akakataa. Nikampiga kwa mtungi wa gesi."

"Kwa nini hakusubiri?"

"Mama yake ni mgonjwa wa saratani, yumo kwenye majaribio ya dawa hii. Alitaka arudishwe kwenye matibabu ya zamani kabla hajachelewa."

Inspekta alimfunga pingu. "Mama amepewa habari?"

"Nilimpigia mwenyewe asubuhi, mlinzi alipouona mwili. Nikampa pole."

"Ukamwambia aache vidonge?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Nilimwambia... hata kwenye majonzi, asiruke dozi."

Inspekta alitamani kumtemea mate, akaona ni kuyaharibu bure. Alimpokonya simu, akaitafuta namba ya mama yule.