Gauni Lenye Kifungo cha Njano

Kila asubuhi fundi cherehani alifungua chumba chake cha kazi, akatia mafuta kwenye cherehani, akaanza kushona. Kaka yake alipita hapo akienda kwenye tangi la maji la mtaa. Kazi yake ilikuwa kuwasha pampu na kutia dawa ya kuua vijidudu.

"Umekula, kaka?"

"Nimekula. Shona nguo za watu, mimi si mwanao," alimjibu, nao wakacheka.

Mwezi ule watoto wengi waliharisha. Watu wakaingiwa na hofu. Ndipo muuza maji wa mkokoteni akaitisha mkutano uwanjani. Mtaa mzima ulimwita Asali, kwa ulimi wake mtamu.

Asali alipanda juu ya pipa. Alinyamaza mpaka kila mtu akanyamaza.

"Ndugu zangu, mimi sijui kuhutubia," alisema kwa sauti ya chini. "Simlaumu mtu. Nauliza tu. Nani anatia dawa kwenye maji yetu?"

"Mtu wa pampu," watu wakajibu.

"Nauliza tu. Watoto wanakunywa nini?"

"Maji."

Akatoa gauni dogo la waridi, akalikumbatia huku akilia. "Nauliza tu. Aliyevaa gauni hili yuko wapi leo?"

Mama mmoja akaangua kilio. Fundi naye alilia. Aliona kifungo cha njano mgongoni mwa gauni, akakijua. Alikishona mwenyewe wiki iliyopita, baada ya kuishiwa na vifungo vyeupe. Aliyekuja kuchukua gauni alikuwa Asali. Macho yake yaliona, lakini moyo ulikuwa umeshatekwa. Watu walipopiga kelele, "Pampu ivunjwe," alipiga kelele nao. Walipokwenda na vyuma mikononi, alikwenda nao.

Hakumkumbuka kaka yake mpaka alipomwona chini, kando ya pampu iliyovunjwa, mguu umepinda.

Siku ya tatu mhudumu wa afya alikuja kumtazama kaka mguu.

"Nimepita nyumba kwa nyumba," alisema. "Hakuna mtoto aliyekufa. Waliougua walikunywa maji ya mkokoteni. Yanachotwa mtoni, hayatiwi dawa. Chemsheni."

"Kumbe Asali hakusema popote kwamba kuna aliyekufa," fundi alisema. "Lile gauni hakuna aliyewahi kulivaa."

"Huo ndio ujanja wenyewe, dada. Aliuliza, mkajijibu. Jibu la kinywani mwako huna shaka nalo. Alijishusha, mkamhurumia. Akawaonyesha nguo, hakuwaonyesha mtoto. Siku nyingine moyo ukichemka, uliza kwanza. Ni nani huyo anayeliliwa? Umejuaje? Na nani anafaidika?"

Fundi alijua nani alifaidika. Mtaa mzima sasa ulinunua maji ya Asali. Hakuweza kushona siku hiyo. Kila kifungo alichokishika kilimchoma.

Mhudumu aliendelea kuwaambia watu wachemshe maji ya mkokoteni. Asali hakupenda. Akaitisha mkutano mwingine, akapanda pipa lilelile, mkononi ana kiatu kidogo.

"Mimi sijui kuhutubia," alianza. "Nauliza tu. Tangu mhudumu huyu aingie majumbani mwetu, aliyevaa kiatu hiki yuko wapi?"

Watu walianza kunung'unika. Fundi alisimama.

"Anaitwa nani?" aliuliza. "Mama yake yuko hapa? Asimame tumpe pole."

Hakuna aliyesimama. Asali alikishusha kile kiatu.

"Gauni lile nililishona mimi," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyelichukua, likiwa jipya."

Watu walitazamana kwa aibu. Mmoja mmoja wakarudi nyumbani. Mhudumu hakuguswa na mtu. Jioni ile moshi ulitoka katika kila jiko, watu wakichemsha maji.

Fundi alikimbia kumweleza kaka yake. Kaka alikuwa amelala kitandani, mguu una plasta ngumu, ndoo ya maji yaliyochemshwa karibu naye. Alisikiliza yote.

"Umefanya vizuri, mdogo wangu," alisema.

Kisha akageukia ukutani.

"Siku ile walikuja wengi pale kwenye pampu, wote wanapiga kelele. Sauti niliyoitambua ni moja tu. Yako."