Nyumba Iliyogeuzwa Kabla ya Kujengwa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa uji, Evangelina aliuangalia ufa. Ulikuwa katikati ya ukuta wa chumba cha watoto, umepanda kutoka sakafuni hadi kwenye paa. Kila Jumapili alibandika tope kidogo juu yake, akalisawazisha kwa kidole gumba. Tope likikauka bila kupasuka, ufa umetulia. Likipasuka, ufa umetembea. Mwaka ule wa 1997, tope lilipasuka kila wiki.

Nyumba yao ilikuwa Kihanga, wilayani Karagwe, kwenye mteremko, ndani ya kibanja cha migomba na kahawa. Ilikuwa na miaka sita tu. Yustus, mume wake, aliona heri wajenge nyingine pembeni yake kabla ya mvua za vuli. Matofali yalikuwa yameshachomwa. Fundi alikuwa yule yule, mzee Nsabimana, ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Kiwanja nacho kilisawazishwa kwa namna ile ile. Udongo ulichimbwa upande wa juu, ukamwagwa upande wa chini, pakawa tambarare.

Evangelina alikosa raha kabisa. Alimwambia mumewe kwamba wakijenga kama mwanzo, watapasukiwa kama mwanzo. Yustus alisema ufa uliletwa na saruji mbaya. Nsabimana alisema ni tetemeko la ardhi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna aliyetaka kuinama akaangalia chini.

Evangelina akishika jambo haliachi. Alipanda gari la mizigo mpaka Kayanga, kwenye ofisi ndogo ya ujenzi. Huko alifanya kazi Anonciata, binti kutoka kijiji cha Bweranyange waliyewahi kuimba naye kwaya. Anonciata alisomea ujenzi Dar es Salaam. Ofisini kwake palikuwa na kompyuta, na watu wengi waliiita televisheni.

Siku ya tatu Anonciata alifika Kihanga kwa baiskeli. Alileta tepu, vigingi, na mpira wa maji ule ambao mafundi hupimia usawa. Alimwamkia Nsabimana shikamoo. Mzee aliitikia marahaba bila kuinua macho. Kesho yake ndiyo alitaka kuchimba msingi, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Rwanda.

Anonciata alipima mteremko wote, akaomba yachimbwe mashimo matatu. Shimo la juu halikufika mbali. Jembe liligonga udongo mgumu. Shimo la katikati lilifika magotini kabla ya kugusa ugumu. Shimo la chini lilifika kiunoni na udongo bado ulikuwa laini. Humo walikuta majani ya migomba ambayo hayajaoza. Nsabimana aliyatazama, akageuka akaenda kunoa mwiko wake ambao haukuhitaji kunolewa.

"Mvua haitangoja televisheni," alimwambia Yustus.

"Tupe siku mbili, fundi," Evangelina aliomba. "Mbili tu."

Siku ya pili wote watatu walikwenda Kayanga. Jenereta ilinguruma nje. Kwenye kioo cha kompyuta walikiona kilima chao, na juu yake nyumba yao mpya, yenye kuta, milango na paa. Kisha Anonciata aliikata nyumba ile katikati pamoja na kilima, kama mtu anavyokata kiazi aone ndani.

"Mstari huu ni kilima kabla hamjakichimba," alisema. "Hapa nilipopaka rangi nyekundu ni udongo mliomwaga. Nusu ya nyumba itakaa kwenye ardhi ngumu, haitashuka. Nusu nyingine itakaa kwenye huu mwekundu. Mvua ikiulowesha, utashuka."

"Rangi nyekundu inaanzia wapi?" Evangelina aliuliza.

Anonciata aliweka kidole kwenye kioo. Inaanzia katikati ya chumba cha watoto.

Evangelina aliukumbuka ufa wa nyumba yao ya zamani. Miaka sita alikuwa akibandika tope mahali pale pale. Nsabimana aliuliza, kwa sauti ndogo, kama nyumba ya zamani nayo iko hivyo.

"Ile sijaipima, fundi. Wewe ndiye uliyeijenga. Udongo mliumwaga upande gani?"

Mzee alivua kofia yake.

Anonciata aliigeuza nyumba, urefu wake ukakingama na mteremko. Sasa karibu yote ilikaa kwenye ardhi ngumu. Upande wa chini, msingi ulishuka kwa ngazi mpaka ukaipata ardhi hiyo. Nyuma aliweka mtaro wa kupitisha maji. Yustus alilalamika kwamba watu wa barabarani wataona ubavu wa nyumba yake. Basi Anonciata alimwonyesha nyumba kama inavyoonekana kutoka barabarani, akazungusha baraza mpaka kwenye kona. Yustus aliuhamisha mlango, akaurudisha, akauhamisha tena. Mara nne, na hakuna tofali lililovunjika. Kila mara idadi ya matofali ilijibadilisha yenyewe pembeni ya kioo.

"Mashine hii inajua haya yote yenyewe?" Nsabimana aliuliza.

"Haijui kitu. Mashimo tumechimba sisi. Ukiipa vipimo vya uongo, itakuchorea uongo mzuri sana."

Kwa mara ya kwanza mzee alicheka. Aliomba mchoro uliochapwa, akaukunja, akauweka ndani ya kofia.

Siku hiyo hiyo Evangelina aliwahamishia watoto jikoni. Kesho yake Nsabimana alichimba kama mtu anayefukuzwa. Kibarua aliyesema inatosha aliambiwa achimbe tena. Paa lilipigiliwa wakati matone ya kwanza yanaanguka.

Mvua za mwaka ule kila mtu anazikumbuka. Zilinyesha mpaka msimu wa senene ukapita, na barabara zikakatika. Siku moja ya Desemba, mchana, familia ikila ndizi ndani ya nyumba mpya, walisikia kishindo. Nusu ya nyumba ya zamani iliyokuwa upande wa chini wa mteremko ilikuwa imeanguka. Chumba cha watoto kilibaki nusu. Evangelina aliwahesabu watoto wake mara tatu, ingawa wote walikuwa mbele yake.

Nsabimana alikuja ameloa. Alisimama mbele ya kifusi.

"Mama Speciose," alimwambia Evangelina, "namna hii nimejenga nyumba kumi na moja. Na watu wamelala ndani."

Mzee aliinama, akashika tope la kifusi.

"Nionyeshe unavyobandika lile tope."

Walikwenda pamoja, nyumba kwa nyumba, na ndoo ya tope. Pale lilipopasuka, mzee mwenyewe aliwaambia wenye nyumba wahame, na mwenyewe alitaja kosa lake. Mvua zilipokatika alikwenda Kayanga kwa miguu, na vipimo vya miteremko minne kwenye karatasi, ili Anonciata awachoree na hao nyumba mpya.

Katika nyumba mpya, Evangelina alibandika tope ukutani Jumapili ya kwanza, kwa mazoea tu. Liko mpaka leo. Limekauka na kuwa jeupe, na halijapasuka.