Upande wa Kushoto wa Mkeka

Yordani bado anaishi pale Manundu, Korogwe mjini, chumba cha tatu ukihesabu kutoka bombani. Ukipita asubuhi utamkuta anafuta pikipiki yake na atakusalimia vizuri tu. Ila usimwombe mkeka.

Yeye na Clinton walikuwa wamepanga chumba kimoja, wote madereva wa boda. Kitanda hawakuwa nacho. Walikuwa na mkeka mpana wa ukindu, Clinton kushoto ukutani, Yordani kulia mlangoni, na kila usiku Clinton lazima ampige kiwiko asogee, maana jamaa alikuwa na mabega ya kumaliza nafasi. Miaka mitatu hivyo. Na walikuwa na mpango wao. Kiangazi mto Pangani ukipungua, chini kidogo ya mji kunatokea kisiwa cha mchanga mweupe chenye kibanda cha wavuvi. Walisema wataenda kule siku tatu wasifanye kitu. Hakuna abiria, hakuna simu, ni kulala tu mchangani kama watalii.

Agosti mwaka jana wakapata mzigo wa kabichi kule Bungu, milimani. Walikuwa waongozane, ila Yordani alichelewa kuamka, akamwambia mwenzake tangulia, nakuja. Clinton akateremka mlima peke yake na magunia, breki zikagoma.

Msibani, nyumbani kwa mama yake Clinton, mikeka haikutosha, wakachukua ule wa geto lao. Juu yake ndipo alipolazwa Clinton kabla ya kuingia kwenye jeneza. Watu wakazika, wakatawanyika, mkeka ukabaki umetandikwa chumba cha ndani. Mama Clinton alisema haukunjwi mpaka arobaini. Yordani alisikia. Lakini kwenye kambi za mkonge walikokulia, babu wa huyu katoka Songea, wa yule Kigoma, wa mwingine Burundi. Kila nyumba ina miko yake, na vijana wameshazoea kwamba miko ya jirani haiwahusu.

Wiki ya tatu upweke ukamzidi. Chumba kilikuwa kikubwa ghafla. Alilala sakafuni upande wake wa kulia na hakuweza kusogea katikati. Akaamua aende kisiwani, atimize ule mpango hata kama ni peke yake. Akapita kwa Mama Clinton, mama yuko shambani. Akaona mkeka ni wao tu. Akaukunja, akaufunga kwa kamba ya katani, akaondoka.

Mzee Mdoe, mvuvi, ndiye aliyemvusha. Njiani mzee alilalamika kwamba mtumbwi umekaa chini sana leo, akamuuliza amebeba mawe au nini. Yordani akacheka. Alikuwa na begi, sufuria na mkeka. Wakapatana mzee aje kumchukua siku ya tatu.

Siku ya kwanza ilikuwa raha. Alitandika karibu na maji, akalala. Akaamka, akasonga ugali, akala na dagaa, akalala tena. Jioni alipouinua mkeka, mchanga chini yake ulikuwa na mabonde mawili. Moja lilikuwa la mwili wake. La pili lilikuwa kushoto, pana zaidi.

Akajiambia amegeukageuka usingizini.

Siku ya pili alijichunga. Alilala kulia, pembeni kabisa. Saa sita jua likasimama kichwani. Ndege wa ng'ambo ya mto wakanyamaza. Upepo nao ukakata. Jasho lilimtoka upande mmoja tu wa mwili. Kushoto kwake kulikuwa na baridi.

Usingizi ukamchukua. Kiwiko kikamgusa mbavu.

"Oya, sogea."

Akasogea.

Hicho ndicho kinachomtesa mpaka leo. Hakushtuka. Alisogea kama alivyozoea, macho yamefumbwa, na kwa muda mfupi moyo wake ukatulia kuliko siku zote tangu msiba. Halafu akakumbuka.

Hakufungua macho. Alisikiliza. Mkeka ukalia, ule mlio wa ukindu mtu akijigeuza. Pumzi ikamfika shingoni. Haikuwa na joto.

"Mbona umechelewa?"

Alijikuta majini mpaka kiunoni, anapiga miluzi kama mwehu, hata mamba hakuwakumbuka. Mzee Mdoe alikuwa anakagua nyavu zake upande wa juu, akaja. Yordani akamweleza yote. Mzee hakumcheka. Aliutazama mkeka kwa mbali, akauliza nani aliukunja.

"Mimi, mzee."

"Basi ulimkunja naye," mzee akanong'ona.

Akasema usikunjwe tena. Ubebwe hivyo hivyo ulivyotandazwa, watu wawili, mmoja kila ncha, urudi kwa mama yake ukamalizie siku zake. Akashuka, akashika ncha moja, akasubiri. Yordani alikuwa ameshapanda mtumbwini. Hakushuka. Mzee akasubiri sana. Mwisho akaiachia ncha, akaja kushika kasia.

Safari hii mtumbwi ulielea juujuu. Yordani aligeuka mara moja tu. Mkeka ulikuwa pale peke yake, katikati ya mchanga na jua.

Mama Clinton alipouliza, akamjibu hajauona. Siku ya arobaini walisali mbele ya sakafu tupu, na mama akaishika ile sakafu kwa kiganja, kama anapima homa ya mtoto. Yordani alitoka nje. Novemba mvua ikashuka, mto ukajaa, kisiwa kikazama chote. Akanunua godoro dogo, la mtu mmoja.

Jumapili iliyopita alirudi saa saba mchana kula. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Akafungua. Godoro lilikuwa limesimamishwa kwenye kona. Sakafuni kulikuwa na mkeka, umenyooshwa vizuri, unanuka mto. Upande wa ukutani ukindu ulikuwa umelowa, na mchanga mweupe umelala juu yake kwa umbo la mgongo na mabega mapana.

Upande wa mlangoni ulikuwa mkavu. Haukuwa na hata chembe moja ya mchanga. Mtu ameachiwa nafasi.