Chanjo za Mwezi wa Tatu

Limi alikufa Jumanne tarehe 16 Juni, saa moja na dakika ishirini asubuhi, kwenye benchi la Zahanati ya Bwiliko, ufukweni mwa ziwa upande wa Ilemela. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja wiki iliyotangulia. Vipele vilimjaa usoni, macho yalikuwa mekundu, na pumzi zilikuwa zinamwishia tangu njiani.

Mama yake, Getruda, hakupiga yowe. Alitoa kadi ya kliniki kwenye mkoba, akaifungua, akamwonyesha kila aliyekuwepo.

"Surua hii," alisema. "Na kadi hii hapa. Tarehe kumi na moja mwezi wa tatu mlimchanja nyinyi wenyewe. Mlimchanja nini?"



Saa nne alifika Dorcas Kashindye, afisa wa wilaya wa kufuatilia magonjwa ya mlipuko. Alipita nyumba kwa nyumba kukusanya kadi za watoto. Kufikia saa nane alikuwa nazo tisini na mbili, akazipanga juu ya meza kufuata tarehe za chanjo.

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameugua, Limi akiwa mmojawao. Wote walichanjwa hapo Bwiliko kati ya tarehe 2 na 30 Machi. Waliochanjwa Januari, hakuna hata mmoja aliyeumwa. Waliochanjwa kuanzia Aprili, shehena mpya ilipofika, nao walikuwa wazima.

Kadi moja ilimsumbua. Ilikuwa ya mtoto aitwaye Rebeka, mkazi wa Bwiliko. Alitimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua, mwezi huohuo wa Machi, lakini muhuri wa chanjo ulikuwa wa Kisesa. Kutoka hapo hadi Kisesa ni nauli na nusu siku nzima. Dorcas aliiweka kadi hiyo pembeni, akaenda kumwona mganga mfawidhi wa zahanati, Nathaniel.

Nathaniel alikuwa na miaka hamsini na minane, mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

Kabla hajaombwa, alimpa chati ya joto la friji la chanjo. Dorcas alisoma safu ya Februari. Nne, nne, nne. Asubuhi nyuzi nne, jioni nyuzi nne, mwezi mzima, kwa kalamu moja.

"Nimesikia Februari hamkuwa na umeme."

"Transfoma ililipuka tarehe tatu. Umeme ukarudi tarehe mosi Machi. Lakini friji letu linatumia umeme na gesi pia. Tuliwasha gesi." Akashusha sauti. "Sipendi kumsema mtu. Ila mlinzi wetu, mzee Ngosha, anapika chai humu kila siku. Sijui moto anaupata wapi."

Neno hilo lilitoka nje upesi kuliko Dorcas mwenyewe. Saa kumi kasorobo vijana walikuwa wameshavunja mlango wa kibanda cha mlinzi. Ngosha alikuwa amesimama ukutani, damu inamtiririka kwenye nyusi, mbele yake mtu kashika jiwe. Dorcas alijipenyeza katikati yao.

"Mkishampiga nitamuuliza nani? Ondokeni!"

Waliondoka kwa kusitasita. Dorcas alimfunga mzee kitambaa kichwani.

"Shikamoo, mzee. Pole. Gesi ya friji uliitumia?"

"Marahaba. Mimi napikia mkaa, mwanangu. Jiko langu lile pale, wamelipiga teke. Mwaka wa tano huu nalinda hapa, sijaona mtungi wa gesi ukiingia getini."

Dorcas alirudi stoo, akapiga magoti nyuma ya friji, akamulika kwa simu. Pale gesi inapowakia, nyigu walikuwa wamejenga kiota cha udongo, kimekauka na kuziba tundu lote. Moto haukuwa umepita hapo kwa miaka. Chumba chenyewe kilikuwa cha bati bila dari, na jasho lilikuwa limeshamlowesha mgongo. Siku ishirini na sita katika joto lile, chanjo ya surua isingepona.

Muuguzi wa chanjo aliitwa Hellen. Dorcas alimkuta amekaa kitandani kwake, kwenye nyumba za watumishi, hajavua sare.

"Sista, Februari ulikuwa wapi?"

"Likizo, Bunda. Mama alikuwa anaumwa. Nilimuuguza, nikamzika hukohuko. Nilirudi tarehe mosi Machi."

"Hukuuliza chanjo zilikaaje bila umeme?"

"Niliuliza! Daktari aliniambia alizihamishia Nyakato, kwenye kituo kimoja chenye jenereta. Nikaamini. Ningemkatalia vipi mtu mzima kama yule?"

"Na alama ya joto?"

Hellen aliinamisha kichwa. Kwenye kifuniko cha kila chupa kuna kimraba ndani ya duara. Kadiri chanjo inavyopigwa na joto, ndivyo kimraba kinavyokolea. Kikishafanana rangi na duara, chupa hiyo ni ya kutupwa. Hilo kila muuguzi analijua.

"Sikuviona vifuniko," alisema. "Mwezi ule wote daktari alinifungulia chupa mwenyewe, akaniletea chanjo imeshachanganywa. Nilidhani ananihurumia kwa sababu ya msiba." Akaanza kulia. "Mkono uliowachoma ni huu. Si wake."

Saa kumi na moja na dakika tano Dorcas alipiga simu Nyakato. Mtunza stoo alipekua daftari mara mbili. Hakuna chupa ya Bwiliko iliyowahi kulala pale.

Jumatano saa mbili asubuhi Dorcas aliingia ofisini kwa Nathaniel. Sajenti Elias wa polisi alibaki mlangoni.

"Daktari, mimi umeniambia friji lilikuwa linatumia gesi. Sista Hellen ulimwambia chanjo ziko Nyakato. Kama zilikuwa Nyakato, hizi nne nne ulikuwa unapima nini humu? Na kama zilikuwa humu, hiyo gesi ilipita wapi? Kwenye kiota cha nyigu?"

Nathaniel alipangusa meza kwa kiganja, ingawa haikuwa na vumbi.

"Labda nilikosea kujaza. Umri, mwanangu. Sikujua kama zimeharibika."

Dorcas aliweka kadi mbele yake. "Rebeka ni nani?"

Mzee aliigeuza kadi, akasoma muhuri.

"Mjukuu wangu."

"Analala nyumbani kwako, hatua mia mbili kutoka hapa. Tarehe tisa Machi ulimpeleka Kisesa akachanjwe. Siku mbili baadaye, Limi akachanjwa kwenye chumba hicho hapo. Usiseme hukujua."

Uso wa Nathaniel ulibadilika, upole ukamtoka.

"Mwaka juzi friji liliharibika," alisema. "Nilifanya kama tulivyofundishwa. Nilitoa taarifa siku ileile, nikateketeza chupa zote. Nikapata nini? Barua ya onyo! Kwenye kikao cha wilaya nikasimamishwa mbele ya wenzangu, nikaitwa daktari mkaanga chanjo. Ukumbi mzima ukacheka. Na wewe ulikuwepo, Dorcas. Mstari wa pili."

Dorcas alikumbuka. Siku ile naye alicheka.

"Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nikajisemea, huenda zimebaki na nguvu kidogo. Surua hapa hatujaiona siku nyingi. Nani angejua?"

"Ulijua wewe. Na mzee Ngosha ukawaachia wale vijana wampige."

Sajenti Elias alimwambia avae koti. Walipopita uani Ngosha alikuwa anafagia vipande vya mlango wake. Aliwatazama, kisha akaendelea kufagia.

Jioni hiyo Dorcas aliandika ripoti. Aliandika gesi, Nyakato, na safari ya Kisesa. Aliandika pia kile kikao, na kicheko, na kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliocheka. Bosi wake alimpigia simu, akamtaka aifute aya hiyo. Alikataa.

Ijumaa chanjo mpya zilifika kwenye masanduku ya barafu. Watoto sitini na wanne walichanjwa Machi, na wote waliobaki hai walitakiwa warudie. Kufikia saa sita walikuwa wamekuja watatu. Akina mama walisimama mbali, kwenye mawe, watoto mgongoni, wakitazama bila kusogea. Hellen alikaa na sindano zake, hamtazami mtu.

Saa sita na nusu Getruda alikuja, kanga ya msiba kiunoni.

"Nipe orodha ya waliochanjwa Machi."

Dorcas alimpa. Getruda aliisoma taratibu, kidole kikishuka jina kwa jina. Kisha akaenda kwenye mawe. Maneno aliyosema hayakufika zahanati, lakini mwanamke mmoja alishuka, kisha wawili. Wengine aliwafuata majumbani, akawarudisha amewashika mkono.

Saa kumi na moja jioni watoto hamsini na mmoja walikuwa wamechanjwa.

"Mama Limi," Dorcas alianza, "sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru. Sikuja kwa ajili yenu."

Alimrudishia karatasi, kidole kikiwa kwenye mstari wa ishirini na saba. Jina la Limi bado lilikuwepo. Dorcas aliona aibu, akatoa kalamu alikate. Getruda akamshika mkono.

"Usimfute. Walikuwa sitini na wanne."