Wivu Ulinifanya Nitoe Siri ya Gari la Mume Wangu

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kushona nguo hapa Nakuru. Wasomaji wenzangu, mnihukumu mkipenda, lakini kwanza mnisikilize...

Mume wangu Wekesa alirithi gari la baba yake, mzee aliyefanya kazi reli mpaka akastaafu. Ni gari la miaka ya sabini, rangi ya maziwa, na bampa zake zilikuwa zinang'aa mpaka unaona uso wako. Watu walisimama barabarani kulipiga picha. Kila Jumamosi Wekesa alikuwa analikodisha kwa harusi, na dereva ni yeye mwenyewe, ndani ya suti.

Hapo ndipo wivu wangu ulipoanzia.

Mimi na Wekesa hatukufunga harusi. Nilikuja kwake na begi moja, tukaanza kukaa tu, watoto wakaja, miaka kumi na saba ikapita. Na kila Jumamosi nilikuwa nampigia pasi shati ili akambebe bibi harusi wa mtu mwingine! Mimi nikipanda gari hilo, basi tunaenda mazishi Elburgon au tunapeleka mtoto hospitali. Ungekuwa wewe, ungejisikiaje?

Halafu kulikuwa na Lydia, msichana wa kupamba gari kwa maua na riboni. Siku moja niliona picha yake kwenye simu ya Wekesa. Lydia ameegemea boneti, Wekesa yuko kando yake anacheka mpaka macho yamefumba. Mimi hajanichekea hivyo tangu... sikumbuki. Nilirudisha simu mezani.

Miezi hiyo magari ya zamani yalikuwa yameanza kuibwa. Rafiki yake mmoja wa Njoro alitoka sokoni akakuta lake limeenda. Wekesa akaingiwa na hofu. Alifunga usukani kwa mnyororo. Alinunua mbwa, akamfunga karibu na gari, si karibu na mlango wa nyumba. Kila akiegesha alifungua boneti akatoa rota, kile kidude kidogo cha kugawa moto kwenye plagi, akakibeba mfukoni. Mwisho akamwita Mzee Opiyo, makanika wake wa miaka mingi kule mtaa wa Shabab, naye akamwekea swichi ya siri chini ya kiti cha nyuma. Bila hiyo swichi gari haliwaki, hata uwe na ufunguo.

Wekesa alinionyesha mahali ilipo. "Mama Sheila," akaniambia, "hii siri tunaijua watu watatu. Mimi, Opiyo na wewe."

Alikuwa ananiamini. Lakini mimi nilichosikia ni kwamba gari linalindwa kuliko mimi!

Kulikuwa na mteja aliyekuwa akija kwa kibanda changu kupunguza suruali. Alisema anaitwa Tom. Alikuwa mpole, anasikiliza mtu mpaka amalize. Aliniambia anapenda magari ya zamani, akauliza mzee wangu analilindaje lake, maana siku hizi wezi ni wengi. Aliuliza swali hilo siku moja baada ya mimi kuona ile picha.

Nilimwambia yote. Rota, swichi, mnyororo, mbwa. Nilikuwa nacheka, kama mtu anayemsimulia mwenzake ujinga wa mume. Nikamwambia hata kwamba Jumapili tunakuwa kanisani sisi sote mpaka saa saba.

Je, nilijua ni mwizi? Nilijua na sikujua... Ninachoweza kusema ni kwamba Jumapili iliyofuata, kabla hatujatoka, nilimhamisha yule mbwa nikamfunga nyuma ya nyumba. Nilimwambia Wekesa kwamba mbwa anachafua nguo nilizoanika.

Tuliporudi, geti lilikuwa wazi. Mnyororo ulikuwa umekatwa, uko chini. Gari hakuna.

Wekesa hakupiga kelele. Aliketi kwenye kibaraza na Biblia yake mkononi, akakaa hapo mpaka jua likaondoka kibarazani. Baadaye akasema alichokuwa anafikiria. Jirani alisikia gari likiwaka, basi wezi walikuja na rota yao, na swichi waliijua. Kwa hiyo kuna mtu aliwaambia. Na watu wenye siri walikuwa watatu.

Hakunishuku mimi hata kidogo! Alimshuku Opiyo.

Polisi walimchukua mzee wa watu akiwa chini ya gari la mteja. Alikaa seli siku sita. Mke wake, Mama Achieng', alikuja kwangu na leso imelowa machozi. Hakunilaumu. Alinishika mkono tu. "Wewe unamjua mzee wangu," akasema. "Mwambie bwana yako."

Nilimjibu kwamba nitamwambia. Akanishukuru! Jioni hiyo nilipika ugali na mboga, nikamwekea Wekesa chakula, nikanyamaza.

Opiyo aliachiliwa kwa kukosa ushahidi, lakini wateja walimkimbia. Nani atamwachia gari mtu anayeitwa mwizi?

Wiki ya tatu Lydia alikuja nyumbani kutupa pole. Nilimkaribisha kwa uso wa mawe. Tulipobaki wawili alifungua mkoba akatoa vipande vya riboni, rangi ya zambarau, rangi ninayoipenda. Akaniomba nisimwambie Wekesa kwamba yeye amevunja ahadi ya kutunza siri, lakini moyo wake ulikuwa unamuuma. Wekesa alimkataza kuchukua kazi yoyote Jumamosi ya pili ya Desemba. Alikuwa ameshaongea na pasta. Siku hiyo gari lilikuwa lipambwe kwa ajili yangu.

Ile picha waliipiga siku waliyochagua maua.

Nilizikunja zile riboni, nikakaa mlangoni kumngoja Wekesa.

Wekesa aliporudi kutoka kazini nilimwambia kila kitu, hata habari ya mbwa. Alisikiliza amesimama. Kisha akaniuliza, polepole, "Opiyo amelala kwa simiti siku sita, na wewe unanipikia chai?" Akatoka. Alienda kwa miguu mpaka kwa Opiyo kuomba msamaha, bila hata kuvaa koti.

Asubuhi yake nilipeleka maelezo polisi. Yule Tom hakupatikana. Gari lilipatikana nyuma ya bohari la mbao, limebaki bodi tupu. Kutoka polisi nikaenda Shabab. Nilipiga magoti mbele ya Opiyo nikaanza kulia. Aliniinua.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi najua sikuiba. Waambie hao."

Nikageuka. Makanika walikuwa wameacha kazi, wateja wanatazama, mama wa chapati naye amesimama. Nikasema jina langu, nikasema nilichofanya. Kwa sauti.

Desemba ilipita bila harusi. Wekesa analala chumba kingine. Ananisalimia, anakula ninachopika, anauliza habari ya watoto. Siku nyingine naona kama anataka kusema kitu, kisha anaacha.

Dada yangu unayesoma, kama kuna picha imekukosesha usingizi, usiende kuongea na mtu baki. Muulize mwenye picha. Swali langu lingechukua dakika moja, na Wekesa alikuwa ameketi chumba cha pili.