Daftari la Hiari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kengele alibandika maji jikoni. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya sauti yake. Yalikuwa maji ya kuoga ya mama yake, muuguzi msaidizi, ambaye zamu yake ya usiku iliisha saa moja asubuhi. Lakini wiki ile maji yalipoa mara tatu, na mara tatu Kengele akaondoka bila kumwona mama.

Siku ya tatu alifika shuleni amefura. Yeye ndiye kiranja wa darasa, na madirisha yalikuwa machafu. Masomo yalipokwisha akasimama mlangoni.

"Nyinyi wanne wa nyuma, hamtoki mpaka madirisha yang'ae!"

"Kwani leo zamu yetu?" akauliza Kijiti, mvulana mwembamba asiyeishiwa maneno. "Sisi tulifagia jana, mheshimiwa rais."

"Toka basi, nikuandike mvivu."

Kijiti akachukua kitambaa. Kengele akafungua daftari la darasa, akaandika: *Wamejitolea.*

Nyumbani alimkuta mama kitini, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Ndiyo kwanza aingie, na ilikuwa saa kumi jioni.

"Shikamoo, mama. Wamekuzuia tena?"

"Marahaba, mwanangu. Wauguzi wa asubuhi hawakutosha. Metroni, mkubwa wetu, akaniambia, 'Huendi popote.' Kisha akaniletea lile daftari la wanaobaki kazini nitie saini: *Nimebaki kwa hiari yangu.*"

"Hiari gani hiyo?"

"Muulize yeye. Ukutani kwake amebandika karatasi: *Hiari yashinda utumwa.* Ukikataa, anakuuliza mbele ya wagonjwa kama una moyo au jiwe. Tangu ukiwa darasa la pili ni hayo hayo." Mama akakigeuza kiatu mkononi. "Leo nilimpelekea mzee wa kitanda cha saba vidonge vya kitanda cha tisa. Mwenyewe ndiye aliyeniambia, 'Binti yangu, vyangu ni vyeupe.' Je, angekuwa haoni?"

Kengele akaruka. "Waongo wakubwa! Wanamfungia mtu mlango, halafu wanaandika amejitolea!"

Mara akamkumbuka Kijiti na kitambaa chake. Sauti ikamshuka. Akamweleza mama yote, macho chini.

"Hata wewe?" akasema mama.

Maneno mawili tu, lakini yalimchoma kuliko fimbo.

"Na mimi nimetia saini uongo miaka yote hii," mama akaendelea. "Haya. Kesho anza wewe, nami nitafuata."

Kesho yake Kengele alisimama mbele ya mwalimu na darasa zima, akalikata lile neno, akaandika: *Niliwalazimisha.*

"Afadhali," akasema Kijiti. "Mikono yangu ilikuwa haina habari kwamba imejitolea."

Wote wakacheka, mwalimu naye. Lakini madirisha ya wiki nzima aliyasafisha Kengele peke yake.

Siku chache baadaye, asubuhi, daftari la hiari likaletwa tena wodini. Mama akaandika: *Nimelazimishwa. Nimekesha kwa muda wa saa kumi na mbili, macho hayaoni vizuri.*

"Unaniharibia daftari!" metroni akafoka.

"Liliharibika zamani, metroni. Mimi nalisafisha."

Akampa mwenzake kalamu, akarudi kwa wagonjwa, maana wagonjwa hawakuwa na kosa. Wiki ilipokwisha, wauguzi kumi na mmoja walikuwa wameandika vivyo hivyo. Mganga mkuu, ambaye miaka yote alisoma "kwa hiari" akadai watu wanatosha, safari hii hakuwa na pa kujificha. Aliona aibu, au aliogopa; yote sawa. Akaweka wauguzi wa akiba kila zamu, na akaagiza kwamba aliyekesha asizuiwe. Anayetaka kubaki aulizwe, na akikataa asisimangwe.

Ile karatasi ya ukutani ikabanduliwa.

Asubuhi iliyofuata, Kengele alikuwa bado anafunga mkoba wake mama alipoingia.

"Methali haina kosa, mwanangu," mama akamwambia. "Hiari kweli yashinda utumwa. Ndiyo maana wajanja huuita utumwa hiari. Ukilazimishwa, sema umelazimishwa. Na siku daftari likiwa mkononi mwako, usimwandikie mwenzako hiari ambayo hukumpa."

Kisha akavua viatu vyote viwili, akachukua ndoo. Maji yalikuwa bado ya moto.